Pikipiki inayoshtuka kwenye mwendo mdogo: cheni ipimwe kabla ya kuilaumu kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nipinge ushauri ambao umejirudia mno katika ukurasa wenu wa vyombo vya moto, na ambao wasomaji wengi wanaupata pia kwa wauzaji na kwa baadhi ya mafundi wenzangu. Ushauri wenyewe ni kwamba pikipiki ya nozeli, yaani ile ambayo kompyuta ndiyo inayopima na kunyunyizia mafuta badala ya kabureta, ikiwa inashtuka kwenye mwendo mdogo, mwenyewe aizoee, na akishindwa kuizoea anunue kifaa cha kuongeza mafuta au aipeleke kompyuta ya injini ikapangwe upya. Mimi ni fundi wa pikipiki wa muda mrefu, na pikipiki ndiyo usafiri wangu wa kila siku. Naona ushauri huo unaanzia kazi mwisho. Sehemu kubwa ya mshtuko huo hutokana na ulegevu unaojilimbikiza kati ya kiganja cha dereva na tairi la nyuma, ulegevu unaopimika kwa rula na kurekebishika kwa spana za kawaida, na ambao usipoondolewa kwanza, hakuna kompyuta itakayoufuta.

Tuitazame hali yenyewe kwa karibu. Dereva yuko gia ya pili, mwendo ni wa mtu anayekimbia, anaingia kona kali huku ameachia mafuta kabisa. Katikati ya kona anahitaji nguvu kidogo tu ili pikipiki isizidi kulala. Anazungusha mshiko wa mafuta, hapati kitu. Anaongeza kidogo, na ghafla pikipiki inaruka mbele. Mwili wake unabaki nyuma, na kwa kubaki nyuma mkono unauvuta mshiko zaidi bila yeye kukusudia, kwa hiyo mafuta yanaongezeka pale pale alipotaka yapungue. Anashtuka na kuachia. Injini inakaba, mwili unakwenda mbele, mkono unausukuma mshiko ufunge, na mzunguko unaanza upya. Ikiwa amebeba abiria, kofia zao zinagongana. Ikiwa ni mwanafunzi, hapo ndipo anapoteremsha mguu chini akiwa bado anatembea, na ndipo pikipiki inapomlalia. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba atazoea ni kumwachia hatari ambayo ingeondolewa kwa muda usiozidi ule wa kubadili oili.

Kinachotokea ndani ya chuma si siri. Dereva anapoachia mafuta, gurudumu ndilo linaloisukuma injini, na kipande cha chini cha cheni ndicho kinachokazwa huku cha juu kikining'inia. Anapovuta mafuta, mambo yanageuka: injini inataka kuvuta, na kipande cha juu lazima kikazwe kabla nguvu haijafika kwenye tairi. Kabla ya hapo kuna nafasi ya waya wa mafuta, kuna nafasi kati ya meno ya gia na ndoana zake ndani ya gia boksi, na baada ya cheni kuna raba za habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ambazo nazo hubonyea kwanza. Wakati nafasi zote hizo zinamezwa, injini haina mzigo, kwa hiyo inapata mzunguko wa ziada. Nafasi zinapokwisha, mzunguko huo wa ziada unalipiga gurudumu kwa mkupuo mmoja, kama mabehewa ya treni ya mizigo yanapoanza kuvutwa. Kila nafasi moja ikitazamwa peke yake inaonekana ndogo isiyo na maana. Zikijumlishwa, ndizo zinazomrusha dereva.

Mahali pa kuanzia ni waya wa mafuta, kwa sababu ndipo penye kazi ndogo kuliko zote. Vitabu vya maelekezo hutaja ulegevu wa mshiko kwa kipimo kinachochukuliwa kwenye ukingo wa mshiko wenyewe, na kwa pikipiki nyingi huwa kati ya milimita 2 na 6. Wengine wanabana hadi milimita 2 au 3 tu. Milimita 6 zinasikika kama si kitu, lakini mshiko wenye kipenyo cha milimita 32 una mzingo wa takriban milimita 100, kwa hiyo milimita 6 ni zaidi ya nyuzi 20 za mzunguko ambazo mkono unazipita bila injini kupata habari. Dereva anayezungusha mshiko kwa nyuzi 20 hewani hana namna ya kufika mwisho wa nafasi hiyo kwa upole. Atafika akiwa tayari na mwendo wa mkono, na injini itaupokea mwendo huo wote mara moja.

Kupima ni rahisi. Bandika kipande cha utepe kwenye mshiko na kingine kwenye kisanduku cha swichi, chora mstari mmoja unaopita juu ya vyote viwili, kisha zungusha mshiko kwa vidole viwili mpaka uhisi waya umeanza kuvuta, na upime umbali kati ya mistari. Ikiwa umezidi, legeza nati ya kufungia kwenye kirekebishi kilicho karibu na mshiko, zungusha kirekebishi mpaka ufikie kipimo kidogo kinachoruhusiwa na kitabu, ufunge nati. Kirekebishi cha juu kikiisha, kuna kingine upande wa injini. Pikipiki nyingi zina waya mbili, mmoja wa kufungua na mwingine wa kufunga, na yule anayekaza mmoja na kuusahau wa pili huishia na mshiko mzito unaokwama, jambo ambalo ni baya kuliko ulegevu alioanza nao. Ukimaliza, washa injini, iache itulie, kisha geuza usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, waya umebana mno au umepitishwa vibaya nyuma ya tangi, na pikipiki hiyo isiendeshwe mpaka kosa hilo liondolewe.

Ulegevu una ndugu yake ambaye hasemwi sana, nao ni ukwamaji. Mshiko ukihitaji nguvu kubwa kuanza kusogea kuliko inayohitajika kuendelea kusogea, mkono hauwezi kutoa kiasi kidogo cha mafuta. Utatoa ama sifuri ama kingi. Mara nyingi chanzo ni raba ya mshiko iliyosukumwa ndani mpaka inasuguana na kisanduku cha swichi, au uzito wa mwisho wa usukani uliokazwa ukaubana mshiko, au vumbi na unyevu vilivyoingia ndani ya ala ya waya. Nimeona pikipiki iliyopendekezewa kompyuta mpya ikapona kwa kuirudisha raba nyuma kwa upana wa ukucha. Waya unaweza kupakwa mafuta mepesi, isipokuwa ule wenye utando wa plastiki ndani ambao mtengenezaji ameelekeza usipakwe. Kipimo cha mwisho hakina ubishi: fungua mshiko wote, uachie, nao urudi wenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa umenyooka na ukiwa umegeuzwa pande zote mbili.

Baada ya waya ni cheni, na hapa naomba uvumilivu wa wasomaji kwa sababu hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika. Kwa pikipiki nyingi za barabarani ulegevu unaotakiwa ni kati ya milimita 25 na 35, ukipimwa katikati ya kipande cha chini kwa kukisukuma juu na kukivuta chini. Zile zenye shokabu ndefu za njia mbaya huhitaji zaidi. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu, na mara nyingi pia kwenye kibandiko kilicho juu ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, pamoja na maelezo kama kipimwe pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni, stendi ya kati, au imeinuliwa. Maelezo hayo si ya mapambo. Spoketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linaloivuta cheni, haikai mahali pale pale mkono wa nyuma unapozungukia, kwa hiyo cheni inakazwa na kulegezwa kadiri gurudumu linavyopanda na kushuka, na inafikia ukakamavu wake mkubwa pale ambapo spoketi ya mbele, mhimili wa mkono na ekseli ya nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Fundi anayekaza cheni ikanyooka kama uzi pikipiki ikiwa tupu atakuwa ameitengenezea beringi ya gia boksi kifo cha polepole, maana abiria wawili wakikaa tu, cheni haina tena pa kulegea. Kwa hiyo ninaposema ulegevu upunguzwe, nina maana upunguzwe mpaka kikomo cha chini cha kitabu, wala usivuke hapo.

Kosa lililoenea zaidi ni kupima sehemu moja na kuridhika. Cheni hailegei sawasawa. Ina sehemu zilizochakaa na sehemu zenye afya, na spoketi nazo haziko duara kamili. Zima injini kabisa, weka gia huru, inua gurudumu la nyuma, ulizungushe kwa mkono taratibu huku ukipima kila robo ya mzunguko. Nasisitiza kuzima injini kwa sababu wapo watu waliopoteza vidole kati ya cheni na spoketi wakidhani mzunguko wa kutulia ni mdogo mno kuweza kuwadhuru. Marekebisho yafanywe kwa kufuata sehemu iliyokaza kuliko zote. Ukikuta sehemu moja ina milimita 25 na nyingine ina 45, usihangaike na nati: cheni hiyo haitakaa sawa kwa kipimo chochote, na mshtuko utakuja na kuondoka kila mzunguko, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba injini inakosa moto. Njia nyingine ya kuhakikisha ni kuishika cheni pale ilipozunguka nyuma kabisa ya spoketi kubwa na kuivuta kuelekea nyuma. Ikijitenga mpaka nusu ya jino ikaonekana, muda wake umekwisha, na ibadilishwe pamoja na spoketi zote mbili, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani hulegea upesi.

Raba za habu hazisemwi kwa sababu hazionekani. Zimejificha ndani ya gurudumu la nyuma, kati ya spoketi na habu, na kazi yake ni kumeza mshindo wa injini usifike moja kwa moja kwenye tairi. Zikizeeka hukakamaa, hupungua unene, na huacha nafasi ambamo spoketi inacheza mbele na nyuma. Lizuie gurudumu lisizunguke, ishike spoketi kwa mikono miwili, na ujaribu kuizungusha: ikisogea bure kabla ya kukutana na ukinzani wa raba, umempata mmoja wa wahalifu. Gurudumu likitolewa, sahani inayobeba spoketi inatakiwa itoke kwa kuvutwa. Ikidondoka yenyewe, raba zimekwisha. Wapo mafundi wanaojaza nafasi hiyo kwa vipande vya tyubu ya zamani, na sitawacheka, kwa kuwa kwa muda kazi inafanyika. Ila raba ikijazwa ikawa ngumu kama mti, mshindo ambao ungemezwa nayo unarudi kwenye gia boksi. Raba mpya ni kitu kidogo, na mtu asisubiri mpaka zisagike.

Pikipiki zenye shafti badala ya cheni zina nafasi zake za meno ambazo mwenye pikipiki hawezi kuzirekebisha barazani, na zile za mkanda zina kipimo chao cha ukakamavu. Hizo zina maelekezo yake na sitazichanganya hapa. Klachi nayo ina sehemu yake. Bakuli la klachi lililochimbika kwa meno ya pleti hushika kwa kuruka badala ya kushika kwa upole, na oili isiyofaa klachi inayoogelea ndani ya oili huibadilisha tabia yake yote. Alama ya JASO MA au MA2, ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwenye kopo ndiyo ya klachi za aina hiyo. MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiogelei.

Nikiri upande wa wanaoilaumu kompyuta, kwa sababu hawajakosea kabisa. Kisahani kinachofungua hewa ndani ya bomba la kuingizia hewa kina tabia moja isiyopendeza: nyuzi chache za mwanzo huongeza hewa kwa uwiano mkubwa mno ukilinganisha na kile kilichokuwa kinapita injini ikiwa imetulia, na kadiri bomba linavyokuwa pana kwa ajili ya nguvu za juu, ndivyo mwanzo huo unavyokuwa mkali. Juu ya hapo, mshiko ukiachiwa injini ikiwa na mzunguko wa kutosha, kompyuta hukata mafuta kabisa ili kupunguza matumizi na moshi. Kuta za njia ya kuingizia zinakauka. Mshiko unapofunguliwa tena, mafuta ya kwanza yanaishia kuzilowesha kuta, na nguvu inarudi kwa kuchelewa kidogo, kisha yote kwa pamoja. Sheria za moshi zimelikaza jambo hili. Katika Ulaya, ngazi ya Euro 4 ilianza kwa miundo mipya ya pikipiki mwaka 2016 na Euro 5 mwaka 2020, na ili kisafisha moshi ndani ya sailensa kifanye kazi, mchanganyiko huwekwa karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta kwa uzito. Injini yenyewe ingependa mafuta zaidi ya hapo ili iitike kwa ulaini.

Wazee wanaosema pikipiki za kabureta zilikuwa laini zaidi hawasemi uongo, ingawa wengi hawajui sababu. Katika kabureta nyingi za barabarani, mkono wa dereva ulifungua kisahani tu, na pistoni nyingine nyembamba ilipandishwa na mvuto wa injini yenyewe kwa mwendo wake. Mkono wenye papara ulikuwa na msuluhishi. Nozeli zilipoingia, kwa mfano kwenye BMW K100 ya mwaka 1983, msuluhishi huyo aliondoka, na watengenezaji wametumia miaka mingi kumtafutia mbadala. Suzuki waliweka kisahani cha pili kinachoendeshwa na kompyuta juu ya kile kinachovutwa na waya, kama kwenye GSX-R1000 ya 2001, na Yamaha YZF-R6 ya 2006 ilikuja na visahani vinavyofunguliwa na mota ya umeme kwa amri ya kompyuta. Mwenye pikipiki ya namna hiyo, ikiwa ina swichi ya hali za uendeshaji, ajaribu ile ya mvua kabla ya kutoa hata senti moja. Mara nyingi tofauti anayoitafuta imo humo.

Hata hivyo, kati ya cheni na kompyuta kuna kazi nyingine ambayo watu wanairuka. Raba inayounganisha bomba la hewa na injini ikipasuka, hewa isiyopimwa inaingia, na athari yake ni kubwa zaidi mshiko ukiwa umefungwa kuliko ukiwa wazi. Injini yenye silinda zaidi ya moja inahitaji visahani vyake vilinganishwe kwa geji za mvuto, injini ikiwa na joto lake la kazi. Silinda moja ikivuta zaidi ya mwenzake, mwendo mdogo hauwezi kuwa laini. Marekebisho hayo yafanywe kwenye skrubu za hewa ya pembeni, na skrubu iliyopakwa rangi kiwandani isiguswe, kwa kuwa ndiyo kipimo ambacho zingine zote hulinganishwa nacho. Tapeti zilizobana, plagi zilizochoka na kichujio cha hewa kilichoziba vyote huchangia. Sensa ya kisahani huchakaa pale pale inapotumika sana, yaani mwanzoni mwa mwendo, na fundi mwenye mita ataona volti zikiruka badala ya kupanda kwa mfululizo. Na mzunguko wa kutulia, kwa pikipiki ambazo bado una kirekebishi, urudishwe kwenye namba ya kitabu. Ikiwa kitabu kinasema mizunguko 1,300 kwa dakika na injini inatulia kwa 1,050, mshtuko wa kufungua utakuwa mkubwa bila sababu nyingine yoyote.

Vile vifaa vya bei nafuu vinavyoidanganya sensa ya joto la hewa ili kompyuta iongeze mafuta, naomba gazeti lenu liache kuvisifia. Kwenye mwendo mdogo wa kawaida pikipiki yenye sensa ya oksijeni husoma moshi wake na kuyarudisha mafuta pale pale yalipokuwa, kwa hiyo kifaa kinadanganya na kompyuta inasahihisha. Mahali pasipo na usahihisho, mafuta yanazidi bila mpango. Kupanga upya kompyuta kwa mtu mwenye mashine ya kupimia na ujuzi wa kuitumia ni jambo tofauti, nami nimeona likifanya kazi nzuri, hasa kwenye ule ukataji wa mafuta. Lakini linaweza kuvunja dhamana na kuiondoa pikipiki kwenye kiwango chake cha moshi, na likifanywa juu ya cheni yenye ulegevu wa milimita 50, mwenyewe atalipa na kurudi nyumbani na mshtuko wake. Yule aliyefunga sailensa ya wazi na kichujio cha wazi bila kupanga mafuta, kisha analalamika kwamba injini inapasuapasua akiachia, sina la kumsaidia zaidi ya kumwambia arudishe vya zamani.

Kuna pikipiki ambazo hata zikirekebishwa vipi zitabaki na mtikisiko fulani, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Injini ya silinda moja ya mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, hiyo ni misukumo 12.5 kwa sekunde, wakati injini ya silinda nne kwa mzunguko huo huo inatoa 50. Kila msukumo wa silinda moja kubwa unaikaza cheni na kuiachia, na dereva anayeng'ang'ania gia ya tatu mahali pa gia ya pili anaitesa bure. Kwa pikipiki kama hizo, spoketi ya mbele yenye meno 14 badala ya 15 huongeza mzunguko wa injini kwa takriban asilimia 7 kwa mwendo ule ule, na mara nyingi hiyo inatosha kuitoa injini kwenye eneo la kutikisika. Gharama yake ni kelele zaidi kwenye mwendo mkubwa, cheni kupinda zaidi, na kwa zile ambazo sensa ya spidi iko kwenye gia boksi, mshale wa spidi kusema uongo. Kuna pia mishiko ambayo gurudumu lake la kuvutia waya limeumbwa lianze polepole na kuongeza kasi baadaye, na kwa pikipiki zenye waya naiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko kifaa chochote cha umeme.

Mwisho ni mkono wa dereva mwenyewe, nao nimeuweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi wanauweka mwanzo kama kisingizio cha kutofungua boksi la spana. Yapo mambo mahususi ya kufundishwa. Kidole gumba au cha shahada kiegemezwe kwenye kisanduku cha swichi ili kiganja kiwe na nguzo ambayo matuta hayawezi kuitikisa. Viwiko vikunjwe, magoti yabane tangi, ili uzito wa mwili usining'inie kwenye usukani. Kwenye kona za polepole mshiko usifungwe kabisa. Ubaki wazi kidogo, na mwendo udhibitiwe kwa breki ya nyuma iliyokanyagwa kwa wepesi pamoja na klachi iliyo karibu na mahali inaposhika. Breki ya nyuma haifanyi muujiza wowote. Inaifanya injini iendelee kuvuta, kipande cha juu cha cheni kibaki kimekazwa, na zile nafasi zote nilizozieleza zisipate nafasi ya kugeuka upande. Breki ya mbele iachwe usukani ukiwa umegeuzwa. Wenye klachi kavu wasikae muda mrefu kwenye nusu ya klachi, maana hiyo huungua upesi.

Ombi langu kwa ukurasa wenu, Mhariri, ni la vitendo. Mnapojaribu pikipiki mpya, mnatueleza nguvu za farasi, kasi ya juu na rangi zinazopatikana. Tuelezeni pia ilivyo gia ya kwanza na ya pili kwenye mwendo wa mtu anayetembea, injini ikiwa imeshapata joto lake, mshiko ukitoka kufungwa kabisa hadi kufunguliwa kidogo, mara moja dereva akiwa peke yake na mara nyingine akiwa na abiria. Na kabla ya kuandika neno lolote kuhusu kompyuta ya pikipiki hiyo, andikeni kwanza ulegevu wa mshiko na wa cheni mlioukuta ilipotoka dukani, kwa milimita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa pikipiki na msomaji wenu wa siku nyingi